Mhariri, machipuko ya wapi hayo?

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzio wote hapo. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti huwa naanzia kurasa za nyuma, mapishi na bustani kwanza, siasa baadae kama hamu bado ipo. Sasa mwezi wa tatu ile safu yenu ya bustani ilituambia machipuko yamefika, tupogoe waridi, tuanze kupanda maua ya msimu. Nikasoma mara mbili nikajua huyu kaiokota mtandaoni akaigeuza Kiswahili bila hata kuchungulia dirishani. Mwezi huo huo mimi hapa Kigamboni nilikuwa najifuta jasho kwa khanga, kaskazi imekausha kila kitu mpaka ukoka ukiukanyaga unalia kama chipsi, masika yenyewe tunayasikia kwenye redio tu. Machipuko ya wapi jamani? Hayo ni majira ya Ulaya, baridi ikiisha.

Lakini sikumlaumu sana manake mimi mwenyewe nilishaingia mkenge huo huo, tena kwa neno moja tu la Kiswahili.

Mdogo wangu kaolewa Uholanzi. Alipojifungua nikaenda kukaa nae, ilikuwa mwezi wa nne, na siku moja wakanipeleka Keukenhof, ile bustani yao kubwa ya maua. Mhariri, nimeona maua lakini vile sijawahi. Hekta 32 za tulipu na ndugu zake, vitunguu vyake (sio vya kupikia, ni vile vya kuoteshea maua) kama milioni 7 vinapandwa kila mwaka, na bustani yenyewe inafunguliwa wiki nane tu hivi, kuanzia katikati ya Machi mpaka katikati ya Mei, baada ya hapo wanafunga geti wanaanza kujiandaa na mwaka unaofuata. Nilipiga picha mpaka simu ikajaa nikaanza kufuta picha za harusi ya mtoto wangu mwenyewe ili nipate nafasi.

Mwezi wa kumi mdogo wangu akaja likizo na kimfuko cha vitunguu vya tulipu ishirini (najua, najua, siku hizi mimea inataka cheti cha afya ya mimea pale uwanjani, msiniandame). Mfuko umeandikwa Kiholanzi, nikamuuliza vinapandwa lini, akasoma akaniambia "vuli". Mimi nikaona mambo si ndo hayo, vuli hiyo hapo inaanza, mawingu yanakusanyika, nikachimba mstari mzuri pembeni ya ngazi, nikaweka samadi, nikafukia. Mvua za Novemba zikapiga, jua likitoka ni nyuzi 30 na zaidi, wiki ya tatu nikafukua kimoja kuangalia kulikoni, kimelainika kama ndizi iliyopitiliza na kina harufu ambayo siwezi kuiandika gazetini. Kumi na nne vyote vimekwenda hivyo hivyo. Kumbe vuli ya mdogo wangu ni ile ya Ulaya, majani yanapukutika na baridi inaingia, na kitunguu cha tulipu bila kukaa kwenye baridi wiki 12 mpaka 16 hakitoi ua la maana. Vuli yetu ni ya mvua na joto, neno ni lile lile, mambo mbalimbali kabisa.

Sita nilikuwa nimevibakiza, nikavitia kwenye friji pembeni ya dagaa. Siku moja naingia jikoni namkuta binti anayenisaidia keshamenya kimoja anataka kukikatia kwenye kitoweo, nikamuwahi, manake vile vinasumbua tumbo. Vitano vilivyobaki nikaja kuvipanda kwenye chungu, viwili vikatoa majani na kimoja kikajitahidi kutoa tumba, likafika urefu wa kidole gumba likakaukia hapo hapo. Chungu kile sasa hivi kina mrehani na unanukia vizuri tu.

Tangu hapo kila ninapoenda kuangalia bustani ya mtu, au hifadhi, swali langu la kwanza ni hapa mvua inaanza mwezi gani. Watu wananiona mshamba, basi sawa.

Mwaka juzi kikundi chetu cha kina mama (tunaweka hisa, tunakopeshana, mwisho wa mzunguko tunatembea) tulikwenda Kitulo, kule juu Makete, mwezi wa pili. Ile barabara ya kupandia kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57, watu walianza kuhesabu kwa sauti, kufika ishirini na kitu kila mtu kanyamaza kashika kiti cha mbele. Juu kule ni zaidi ya mita 2,600, tumevaa masweta mawili mawili na khanga juu yake na bado meno yanagongana. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu na hawajakosea, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndani yake kuna aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota chini ardhini, sio zile za kuning'inia kwenye miti. Nilichuchumaa kwenye moja mpaka wenzangu wakaniacha. Shina limesimama wima kama penseli, limejaa viua vidogo vidogo vya pinki iliyopauka, kila kimoja kwa nyuma kina vimkia viwili vimeshuka chini, ukikiangalia kwa karibu kama kichwa cha mdudu mwenye antena. Kijana aliyekuwa anatutembeza akatueleza chini ya kila okidi kuna viazi viwili, kimoja cha mwaka huu kinanywea, kingine kinajaa kwa ajili ya ua la mwaka ujao. Ndo maana wanaochimba viazi hivyo kupeleka Zambia, ambako vinatwangwa na karanga kupikwa chikanda, wakipita sehemu hupaoni tena na ua. Nimesikia chikanda ni tamu, sijala, na baada ya kuliona lile ua sidhani kama nitakula.

Sasa jirani yangu nilipomuonyesha picha akapanda gari nae, mwezi wa nane. Karudi kanuna, anasema kalipa hela kuangalia majani makavu na baridi. Kosa sio la Kitulo. Kule mvua ni moja tu ndefu, inaanza Novemba hivi inaishia Aprili, na maua yanafuata mvua, mwezi wa nane okidi zote zimelala chini na usiku kuna sakitu. Lakini nani alimwambia? Matangazo ya utalii yanaweka picha ya maua, mwezi hayaweki, na magazeti ndo hivyo tena.

Amani, ile ya milima ya Usambara mkoani Tanga, ni hadithi nyingine. Ni Muheza kwetu, kwa bibi mzaa baba, lakini nimefika pale juu nikiwa na miaka hamsini na tatu, aibu. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia kuona ipi itakubali, na mpaka leo unatembea unapita kwenye mikarafuu, mikafuri, mianzi minene kama mguu wa mtu. Kuna iliyokubali kupita kiasi, ule mti wa mesopsisi ulioletwa sasa unawapa watu kazi kuuzuia usimeze msitu wa asili. Kilichonipeleka mimi lakini ni kijiua. Dirishani kwa mdogo wangu Uholanzi kulikuwa na vyungu vitatu vya violeti, majani yana manyoya manyoya, maua ya zambarau na kidoti cha njano katikati, wifi zake wote wanavyo. Nikaja kusoma kumbe ni la kwetu: ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona huku Usambara mwaka 1892 akalituma kwao, na likapewa jina lake. Wajerumani hadi leo wanaliita violeti la Usambara. Bibi yangu kazaliwa na kufa hatua chache kutoka kwenye ua ambalo lipo kwenye madirisha ya nusu ya Ulaya, na sisi sebuleni tuna maua ya plastiki ya kufuta vumbi.

Nilikuwa nimeshaua violeti mbili nilizonunua Dar. Nilizianika barazani juani, namwagilia maji ya kisima, na kisima cha Kigamboni mnakijua, chai yake haihitaji kuonjwa kujua imetoka wapi, ni chumvi. Kule Amani nikaliona lenyewe limejishika kwenye jiwe, kivulini, jiwe limeota kuvu la kijani na maji yanatiririka pembeni tone tone. Hapo hapo nikaelewa nimekuwa muuaji. La tatu sasa lina miaka miwili, linakaa dirisha la jikoni upande usiopigwa jua, nalinywesha kwa kuweka maji kwenye kisahani chini ya chungu, maji ya mvua tu.

Ndo nataka kusema, Mhariri, bustani ya pwani ina mwaka wake na wala sio siri. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, kazi yangu ni kuokoa, sio kupanda. Namwagilia magharibi, naweka matandazo ya majani na makumbi kila shina, waridi linaungua kingo za majani kwa ile chumvi na mimi naliangalia tu. Bogenvilia ndo wakati wake wa kuringa, lile ukilinyima maji linatoa maua mpaka jani halionekani. Masika ikifika najaza simtanki mbili, napanda pingili za kroton na bogenvilia, na usiku natoka na tochi na ndoo kuokota konokono wale wakubwa, kuna usiku niliokota arobaini na moja, majirani wakadhani natafuta hela iliyodondoka. Kutia mbegu masika nilishaacha, mvua moja tu zote ziko kwa jirani.

Halafu kipupwe. Juni, Julai, Agosti, kusi linavuma, asubuhi unatafuta kitenge cha kujifunika, mvua ya mchoo inapita mara moja moja na kukata. Hiyo ndo nafasi yetu! Hapo ndo napogoa waridi, hapo ndo zinia na petunia na merigoldi zinakaa bila kunyauka saa sita mchana, na mchicha hauliwi sana na wadudu. Mwenzenu kwenye safu yake Julai alikuwa anatufundisha kukwepa jua kali la kiangazi. Vuli ndo napanda miti na ukoka, na mkrismasi wa pale kona unawaka mwekundu kuanzia Novemba.

Nawaomba kitu kimoja tu. Tuandikieni kalenda ya bustani kwa majira yetu, na msiiandike moja ya nchi nzima manake Makete sio Kigamboni na Kigamboni sio Bukoba. Hamna mkulima hapa anayepanda mahindi kwa kalenda ya Uholanzi, sasa waridi limekosa nini? Wala hamhitaji profesa, tumeni mwandishi akashinde siku moja na wale vijana wanaouza miche Barabara ya Bagamoyo, aende mara nne kwa mwaka, aandike wanauza nini na nini kimewafia. Hata ile Bustani ya Mimea ya pale mjini karibu na Makumbusho ilianzishwa 1893 kwa kazi hiyo hiyo, kujaribu kwanza kama zao litakubali hapa kabla ya kumwambia mtu apande.

Na kabla sijasahau, nina mlangilangi nyuma ya nyumba, una miaka minne, umepita paa, haujatoa hata ua moja. Upo kwenye kichanga, unapata maji ya kisima kaskazi na ya mvua miezi mingine. Kuna aliyeniambia nikate kilele, mwingine kasema nisubiri vuli mbili zaidi. Msomaji anayejua anisaidie kupitia ukurasa huu, ila tafadhali ataje yupo wapi na mvua ya kwake inaanza mwezi gani.

Mama Vyungu,
Kigamboni, Dar es Salaam