Wachezaji wa Kyiv hawakutoroka

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi bila kuwaandikia neno, hata pale nilipoona kosa, kwa kuwa niliamini kwamba kosa la gazeti husahihishwa katika toleo linalofuata. Makala yenu ya ukurasa wa burudani kuhusu filamu ya Escape to Victory imenitoa katika ukimya huo. Mwandishi wenu alieleza bila kusita kwamba filamu hiyo ya mwaka 1981 ni kisa cha kweli cha mateka wa vita waliocheza mpira na Wajerumani, wakasawazisha, kisha wakatoroka wote mbele ya macho ya walinzi. Nimesubiri sahihisho, na halijaja.

Sina ugomvi na filamu yenyewe. Mwongozaji wake, John Huston, aliijua kazi yake, na kumwona Pelé akiumizwa mbavu katika kipindi cha kwanza kisha akarudi kufunga kwa tikitaka, huku meja wa Kijerumani anayeigizwa na Max von Sydow akisimama kumpigia makofi mbele ya wakubwa wake, kunamfurahisha yeyote anayeupenda mpira. Wachezaji wa kweli wamo pia: Bobby Moore yumo, Osvaldo Ardiles yumo, Kazimierz Deyna wa Poland yumo. Lakini mechi ile ya Paris haikuwahi kuchezwa. Hapakuwa na timu ya mateka iliyokwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa mabao 4–1 ikamaliza kwa sare ya 4–4, wala kipa Mmarekani, anayeigizwa na Sylvester Stallone, aliyedaka penalti ya mwisho, wala umati uliovamia uwanja ukawavisha wachezaji makoti na kuwapitisha getini. Uwanja wenyewe unaoonekana humo uko Budapest, ambako filamu ilipigiwa. Msingi wa hadithi ulichukuliwa kutoka filamu ya Kihungari ya mwaka 1961 iliyoongozwa na Zoltán Fábri, na ndani ya filamu hiyo ya kwanza wachezaji wanaishia kupigwa risasi. Hadithi ilipoingia mikononi mwa Wamarekani, waliopigwa risasi wakageuzwa kuwa waliotoroka.

Tukio la kweli ambalo watu hulihusisha na filamu hizi lilitokea Kyiv, Ukraine, mwaka 1942, mji ukiwa umekaliwa na Wajerumani. Wachezaji wa zamani wa Dynamo na Lokomotiv, klabu za mji huo, walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha mikate, ambacho meneja wake, mpenzi mkubwa wa mpira, alimwajiri kipa Mykola Trusevych na kumtuma awatafute wenzake. Wakaunda timu iliyoitwa Start. Tarehe 6 Agosti waliifunga 5–1 timu ya Flakelf, ya kikosi cha Wajerumani cha kutungua ndege. Marudiano yalichezwa tarehe 9 katika uwanja wa Zenit, matangazo yakiwa yamebandikwa mjini pamoja na majina ya wachezaji, na Start wakashinda tena, 5–3. Hakuna aliyetoroka siku hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kutorokea; walirudi nyumbani, wakarudi kazini, na wiki moja baadaye wakacheza na Rukh, timu nyingine ya mji huo, wakaifunga 8–0. Tarehe 18 Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, wakaanza kuwakamata. Mykola Korotkykh alikufa kwa mateso mikononi mwao. Wengine walipelekwa katika kambi ya mateso ya Syrets, na huko, Februari 1943, zaidi ya miezi sita baada ya mechi, Trusevych, Oleksiy Klymenko na Ivan Kuzmenko walipigwa risasi.

Wapo watakaoniambia kwamba waliuawa palepale uwanjani wakiwa na jezi zao. Hiyo nayo ni hadithi, nayo ilipambwa na Wasovieti baada ya vita kwa manufaa yao. Makar Honcharenko, aliyenusurika na kuishi hadi mwaka 1997, alieleza uzeeni kwamba wenzake hawakuuawa kwa sababu ya mpira, na waendesha mashtaka wa Hamburg walilifunga jalada la uchunguzi mwaka 2005 kwa kukosa ushahidi wa kuyaunganisha mauaji na mechi ile. Mimi naona ukweli huu ni mzito kuliko hadithi zote mbili. Syrets iko jirani na korongo la Babyn Yar, ambako katika siku mbili za Septemba 1941 Wayahudi 33,771 waliuawa. Mtu wa Kyiv aliweza kuuawa akiwa mchezaji au si mchezaji, ameshinda au ameshindwa.

Nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Katika mtaa wetu kuna kibanda cha video, na mwenye kibanda, baada ya kuisoma makala yenu, aliitafuta filamu hiyo akaionyesha Jumapili mchana kabla ya mechi za ligi. Ukurasa wenu aliukata akaubandika kwa gundi mlangoni, chini ya ratiba ya mechi, na maneno yenu kwamba kisa ni cha kweli aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Vijana walijaa hadi wengine wakakalia kreti za soda. Filamu ilipokwisha walishangilia kana kwamba timu yao imetwaa kombe, na mmoja wao, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akasema kwamba kumbe hata kwa Hitler, mtu mwenye kipaji cha mpira alikuwa anapona. Nilisimama nikawaeleza habari za Kyiv na kumtaja Trusevych. Mwenye kibanda hakunijibu vibaya, alinyoosha kidole kuelekea mlangoni akasema, "Mwalimu, shikamoo, lakini gazeti limeandika." Mhariri, nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu kwamba anayebishana asilete maneno matupu, alete kitabu au gazeti. Kijana yule mwenye kibanda alifanya kile hasa tulichomfundisha: alikuwa na gazeti. Mimi ndiye niliyekuwa mikono mitupu, na watu waliouawa nikashindwa kuwatetea mbele ya ukurasa wenu, ukurasa ambao mwandishi wake hakutumia hata dakika chache kuuliza ni nani waliocheza, wapi, na nini kiliwapata. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo haijatulia hadi leo.

Tena makala yenu ilimsifu Pelé kwa kuigiza mateka mweusi anayeishi kambini sawasawa na wenzake weupe, mkaliacha jambo hilo hapo. Mngeuliza, mngeambiwa kuhusu Chasselay, karibu na Lyon, ambako Juni 1940 wanajeshi wa Kijerumani waliwatenga askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliokwisha kusalimu amri na kuwaua kwa risasi. Wengi wa Waafrika waliotekwa waliwekwa katika kambi ndani ya Ufaransa, kwa sababu Wajerumani hawakutaka waingie nchini mwao. Na wazee wetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya wakoloni wa Kiingereza, waliopita bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 katika tope na malaria, hawajawahi kupewa na ninyi ukurasa mzima kama mliompa Sylvester Stallone. Wengi wamekwisha kufa. Waliobaki na kumbukumbu zao ni watoto wao, nao ni wazee.

Ombi langu ni hili. Tarehe 9 Agosti, katika ukurasa wa michezo, mahali mnapoweka matokeo ya ligi na kwa herufi zilezile, chapeni: Start 5, Flakelf 3, uwanja wa Zenit, Kyiv, 1942. Chini yake wekeni majina manne, Trusevych, Klymenko, Kuzmenko na Korotkykh, na mahali na namna kila mmoja alivyokufa. Msiweke picha ya filamu. Upana wa safu mbili unatosha, ili ukurasa ukikatwa uenee kwenye ubao wa mlango. Nimekwisha kuzungumza na mwenye kibanda, naye ameniahidi kwamba mkikichapa kipande hicho, atakibandika juu ya kile cha kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Tanga