Pigeni hodi: barua kwa wanangu mnaowatafuta waliowazaa

Wanangu,

Nilikuwa mlezi katika makao ya watoto wachanga huku Tanga kwa miaka 27. Baadhi yenu nimewabeba mgongoni. Wengine nimewajua ukubwani, mlipokuja na cheti mkononi mkaniuliza, "Bibi, mama yangu ni nani?" Nawaandikia kwa sababu mnaouliza mmekuwa wengi, na kwa sababu kuna mwenzenu mmoja nilimjibu vibaya.

Swali lenu ni la haki. Asije mtu akawaambia mmekosa shukrani kwa waliowalea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa na ukoo wake. Nasi Waislamu tulikwisha kuamrishwa zamani, katika Sura ya Al-Ahzab, tuwaite watoto kwa baba zao. Kulea ni thawabu kubwa, lakini nasaba ya mtoto haifutwi.

Ila waambieni wazazi wenu waliowaasili kabla hamjaanza safari. Najua mnaogopa kuwaumiza. Mama aliyekesha na wewe ukiwa na surua ataumia zaidi akiyasikia kwa jirani. Kaa naye, mwambie kwa kinywa chako, mpe siku zake za kununa.

Kisha tafuteni karatasi kabla ya kutafuta mtu. Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, jina lako jipya huingia katika daftari la watoto walioasiliwa, analolitunza Msajili Mkuu, siku hizi chini ya RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo. Ndiyo maana cheti chako hakina jina la aliyekuzaa. Kumbukumbu zinazounganisha daftari hilo na lile la vizazi hazifunguliwi kwa kila mwenye kuuliza; kibali huombwa mahakamani. Kwa hiyo anza kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya ulikopokelewa, hata kama wewe sasa unaishi Mbeya. Uliza jalada lako. Ndani huwa mna kadi ya kliniki, barua ya mtendaji, namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa polisi, kama uliokotwa, na mara nyingine saini ya aliyekuleta. Saini hiyo iangalie sana, maana mara nyingi si ya mama. Ni ya shangazi, au bibi, au mjomba, na huyo ndiye wa kumwanzia.

Jiandaeni kwa mtakayoyasoma. Wengi tuliowapokea mama zao walifia uzazini, na nyumbani hapakuwa na pesa ya maziwa ya kopo. Ndugu waliahidi kumrudia mtoto akishatembea. Wengine walirudi, wengine umaskini uliwashinda. Wengine walizaliwa na wanafunzi. Msisahau kwamba ni Novemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kuwa binti aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya kawaida. Kabla ya hapo mimba ilimfukuzisha shule, na mara nyingi baba yake akamfukuza nyumbani siku hiyo hiyo. Aliyekuacha huenda alikuwa na miaka 15, na hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Sasa huyo niliyemjibu vibaya. Alikuja binti, mpole, ana macho ya mama yake kabisa. Nilikuwa namjua mama, na kijiji nakijua. Huruma ikanizidi, nikamtajia vyote viwili. Jumamosi ile ile akapanda basi. Alikuta shughuli, watu wamejaa uani, wamekuja kumposa binti wa nyumba ile. Akasimama mbele yao akasema, "Mimi ni mwanao wa kwanza." Mama akajibu hamjui.

Alikuwa anamjua. Baada ya wiki mbili mama huyo alikuja kwangu, akakaa mkekani, akalia mpaka kanga ikalowa. Akaniuliza neno moja tu: "Mbona hukunitumia mtu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Yule binti hakutaka tena kusikia habari za mama yake.

Wanangu, hata posa hupelekwa na mshenga. Mtumieni mtu mzima, mwenye kifua, amkute mama peke yake, shambani au kisimani, amwambie taratibu kwamba mwanao yu hai na anakusalimu. Basi. Halafu ngojeni. Hodi tumefundishwa mara tatu. Msipoitikiwa, acheni salamu na namba ya simu mwondoke. Jina lake msilitangaze kwenye makundi ya simu, wala picha yake. Mume wake huenda hajui, na watoto wake pia.

Mkipokewa na mkawa na shaka ya damu, kipimo cha vinasaba kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi mwenyewe, utapelekwa kwa barua ya afisa ustawi wa jamii, wakili au mahakama.

Na ninyi mliookotwa, ambao jalada lenu ni ukurasa mmoja, njooni hata hivyo. Nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri. Nakumbuka nani aliletwa na mvuvi alfajiri, nani alivikwa fulana ya kiume iliyofuliwa ikanyooshwa pasi. Nitakwambia ulivyovalishwa, na nani alikutangulia kukubeba.

Bibi yenu,
Tanga