Sura waachie wengine

Mwanangu Salimu,

Hapa wazima, ila bibi yako kifua kinambana usiku. Nimesikia kwa dada yako kwamba Jumatatu unapanda basi la Nairobi kwenda kufanya kazi ya vikaragosi. Hata kupitia Tanga kuaga hukuweza.

Ile filamu ya vikaragosi uliyoniwekea kwenye simu, Team America, nimeitazama. Yale matusi hukunionya, na nilikuwa na wageni. Lakini pale kikaragosi wa Kim Jong Il, yule mtawala wa Korea Kaskazini, anapotembea jumbani kwake akiimba upweke, nimerudia mara tatu. Ni theluthi ya mtu tu, na koti limemkaa begani sawasawa. Wewe unaweza kushona vile. Nimewaambia mtaa mzima.

Ila sura, baba, waachie wengine. Trey Parker na Matt Stone, walioitengeneza, walimcheka mtawala wa mbali, na mwaka 2004 walipoitoa walikuwa kwao Marekani. Hata hivyo ubalozi wa Korea Kaskazini uliwataka Wacheki waipige marufuku. Wacheki wakakataa. Wewe ukimchonga mkubwa wa huku, nani atakukatalia?

Mwaka 2014 Kim alikuwa amekufa miaka mitatu. Wadukuzi wakatishia majumba ya sinema kwa ajili ya filamu nyingine iliyomcheka mwanawe. Wenye majumba kadhaa wakataka kuonyesha hii ya vikaragosi badala yake, wenye filamu wakawazuia. Mdoli wa miaka kumi, wa mtu aliyekwisha zikwa!

Utanitajia XYZ, kile kipindi cha runinga, kwamba mwaka 2009 Wakenya walianza kuwacheka wanasiasa wao kwa vikaragosi vya mpira. Wale walikuwa na Gado, mchora katuni, jina lake linajulikana. Wewe wakikuchukua nitamwuliza nani?

Shona nguo. Sura waachie wengine.

Yule kikaragosi wako wa sufi, wa mwenyekiti, alifanana naye mno, ndiyo maana nikamtia motoni. Siku hizi nikifagia uvunguni naona palikuwa na nafasi ya kumficha.

Mbuzi amezaa wawili. Mkanda wa cherehani umekatika, ukipata huko nitumie. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kachukua pesa hajarudi.

Mkasi wangu mkubwa nimempa konda wa basi la asubuhi, umefungwa ndani ya kanga. Usiukatie karatasi.

Mama yako