Kabla ya Panga na Kofia za Manyoya: Barua kwa Deogratias

New Haven, Connecticut
20 Februari 2024

Ndugu yangu mpendwa Deogratias,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mama na watoto hawajambo, na kwamba wanaume wa parokia wamekukabidhi kazi ya kuandika rasimu ya katiba ya mfuko wenu wa kusaidiana. Umeniuliza juu ya Knights of Columbus, chama cha wanaume Wakatoliki, ambao umeona picha zao wakiwa na majoho, kofia za manyoya na panga mkononi: walianzaje, na je, ni kweli kwamba mwanzo wao ulikuwa chama cha kufa na kuzikana? Ni kweli, tena kuliko wengi wa huku wanavyokumbuka. Panga na kofia hizo zilikuwa za daraja lao la nne la uanachama, lililoanza 1900, wakati mwanzilishi wao alikuwa kaburini karibu miaka kumi. Kilichotangulia ni hesabu ya michango.

Mwanzilishi huyo, Padre Michael McGivney, alizaliwa 12 Agosti 1852 katika mji wa Waterbury, hapa hapa Connecticut, akiwa kifungua mimba wa watoto 13, ambao sita kati yao walikufa wangali wadogo. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na baba alikuwa fundi wa kusubu katika kiwanda cha shaba. Michael alimaliza shule akiwa na miaka 13 akaingia kiwandani, katika sehemu ya kutengeneza vijiko, na miaka mitatu baadaye akaenda seminari nchini Canada. Juni 1873, angali masomoni, baba yake alifariki. Kijana alirudi nyumbani kwa mama mjane mwenye watoto wa kulea, na haikujulikana kama angeendelea na wito wake, mpaka askofu wa Hartford alipomwezesha kwenda seminari ya Baltimore, ambako Askofu Mkuu James Gibbons alimpa daraja takatifu ya upadre tarehe 22 Desemba 1877. Kwa maoni yangu, mtu asiyeijua habari ya mwaka ule wa 1873 hawezi kukielewa chama hiki, kwa maana padre huyu hakusimuliwa na mtu jinsi nyumba inavyotikisika baba anapoondoka.

Siku ya Krismasi ya 1877, siku tatu baada ya kupewa upadre, alianza kazi ya paroko msaidizi hapa New Haven, katika Kanisa la Mtakatifu Maria. Kanisa hilo lilikuwa na deni kubwa, na lilisimama Hillhouse Avenue, mtaa wa matajiri ulio karibu na Chuo Kikuu cha Yale. Majirani hawakulipenda. Mwaka 1879 gazeti la New York Times liliandika waziwazi kwamba jengo la Wakatoliki limeuharibu mtaa wa watu wa heshima, nawe unaweza kukisia walivyosikia vibarua na watumishi wa ndani waliokuwa wakichanga senti zao kulipa deni la jengo lenyewe.

Wakati ule serikali haikuwa na mfuko wa fidia wala pensheni kwa familia ya mfanyakazi. Akiumia au kufariki, mke na watoto walibaki na huruma ya ndugu. Vyama vilivyotoa bima kwa watu wa kipato cha chini vilikuwapo vingi, lakini baadhi vilikuwa vya siri, na Kanisa lilikuwa limewakataza waamini kujiunga na Freemasons na wenzao. Mwanamume Mkatoliki akajikuta njia panda: amtii padre wake na kuiacha familia bila kinga, au aitafutie familia kinga na kuikosea imani yake. McGivney aliona kwamba kuhubiri katazo peke yake hakutoshi, na hapa namvulia kofia, kwa sababu wahubiri wengi huishia kwenye katazo.

Nikupe mfano mmoja wa yale aliyokuwa akiyashughulikia. Katika familia ya Downes ya parokia yake, baba alifariki bila kuacha mali ya kutosha, na sheria ikataka kila mtoto wa kiume apatiwe mlezi mwenye dhamana ya fedha mbele ya mahakama ya mirathi. Wasipopatikana walezi, mahakama ingeweza kuwaondoa watoto kwa mama yao. Februari 1882 Padre McGivney alifika mahakamani akakubali kuwa mlezi wa mmoja wao, Alfred. Padre mmoja anaweza kusimama hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja, labda wawili, ila hawezi kusimama kwa parokia nzima.

Tayari tarehe 2 Oktoba 1881 alikuwa amewaita wanaume wachache kwenye chumba cha chini ya kanisa kujadili jambo hilo. Hakukurupuka. Alisafiri hadi Boston kuwatazama Foresters wa Kikatoliki wa Massachusetts, akaenda Brooklyn kuwatazama Catholic Benevolent Legion, vyote viwili vyama vya kusaidiana, na mwishowe wakaamua kuunda chama chao wenyewe. Jina alilopendekeza padre lilikuwa Wana wa Columbus; James Mullen, aliyewahi kuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akataka neno Knights, yaani mashujaa wapanda farasi wa zamani, lichukue nafasi ya Wana, na wakamkubalia. Christopher Columbus, baharia aliyevuka bahari kutoka Ulaya hadi Amerika, walimteua ili kuwaambia majirani wa Hillhouse Avenue kwamba Mkatoliki alifika upande huu wa dunia kabla ya babu zao. Leo jina hilo lina uzito mwingine kwa wanaokumbuka yaliyowapata wenyeji wa visiwa alivyofikia, na sioni sababu ya kukuficha hilo. Ila mwaka 1882 lilikuwa ngao ya watu waliodharauliwa.

Tarehe 29 Machi 1882 bunge la Connecticut liliwapa hati ya kuandikishwa. Mwezi uliofuata McGivney aliwaandikia mapadre wote wa Jimbo la Hartford kueleza makusudi ya chama: kuwazuia watu wetu wasiingie katika vyama vya siri kwa kuwapa manufaa yale yale au bora zaidi, kusaidiana wakati wa ugonjwa, kuhakikisha mazishi ya heshima, na kuzisaidia kwa fedha familia za marehemu.

Sasa soma kwa makini, kwa sababu hapa ndipo rasimu yako itakapopata faida. Mwanachama alipofariki, mjane wake alipaswa kupewa dola 1,000, fedha iliyozidi mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Ili kuipata, kila mwanachama alitozwa dola moja kwa kila kifo. Wanachama wakizidi 1,000, tozo ilipungua kadiri idadi ilivyoongezeka. Mgonjwa asiyeweza kufanya kazi alikuwa na haki ya kupewa hadi dola 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 13, na ugonjwa ukiendelea zaidi ya hapo, tawi lake ndilo lililoamua apewe nini. Unaona walivyoweka mpaka? Huruma haikuachwa ining'inie hewani: ilipewa kiasi na muda, na baada ya muda huo uamuzi ulirudi kwa watu wanaomfahamu mgonjwa kwa sura.

Kasoro nayo ilikuwapo. Kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 50 walitozwa sawasawa, kwa hiyo aliyejiunga mapema angelipa zaidi maishani mwake kuliko aliyejiunga akiwa amezeeka. Vyama vingi vya mtindo huo Marekani vilianguka wanachama wake walipozeeka pamoja na vijana kukataa kuingia. Hawa walisalimika kwa sababu baadaye walibadili mfumo, wakatoza kwa kufuata umri na kuweka akiba. Ninyi msisubiri yawafike shingoni, suala la umri liandikeni mapema.

Ulitaka pia kujua kama paroko ashike uongozi. Tangu mwanzo kiti cha mkuu wa chama alikalia Mullen, mlei, naye McGivney akachukua kazi ya katibu, yaani barua, kumbukumbu na lawama. Mwanzoni mambo yalikwenda polepole; tawi la kwanza, San Salvador, lilikuwa la hapa New Haven, na 1883 likafuata la mji wa Meriden. Mwaka 1884 aliuacha ukatibu akabaki mlezi wa kiroho, na Novemba akahamishiwa Thomaston kuwa paroko. Chama hakikuyumba kwa kuondoka kwake. Alifariki kwa homa ya mapafu 14 Agosti 1890, akiwa ametimiza miaka 38 siku mbili tu kabla. Ndugu zake wawili, mapadre wote, baadaye walishika kwa zamu ulezi wa kiroho wa chama, na Oktoba 2020 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Jambo la mwisho ni la kura. Katika matawi yao wachache waliweza kumzuia mwombaji kwa kura ya siri, na Wakatoliki weusi wengi walijikuta wakifungiwa mlango kwa njia hiyo. Mwaka 1909, huko Mobile, Alabama, mapadre wa shirika la Josephites pamoja na walei walianzisha Knights of Peter Claver, chama chenye shabaha ile ile ya kusaidiana. Kwa hiyo kifungu chako cha 4, kinachosema mwombaji atakubaliwa "iwapo hakuna mwanachama atakayempinga", ningeomba ukifute kabla rasimu haijafika kwa wanaume wenzako. Andika masharti yanayopimika, kama vile ubatizo, umri na ada, kisha atakayeyatimiza aingie.

Nisalimie mama na watoto, na unitumie rasimu ya pili ikiwa tayari.

Wako katika Kristo,
Fulgence