Barua kwa mwanangu: mabegi yako kutoka Dar hadi Minneapolis

Zuhura mwanangu,

Tiketi yako nimeisoma. Dar es Salaam hadi Doha, Doha hadi Chicago, Chicago hadi Minneapolis: ndege tatu, zote kwenye namba moja ya buking. Shukuru kwa hiyo namba moja. Ungekata tiketi mbili mbalimbali kwa kukimbilia bei, huenda mabegi ungelazimika kuyatoa Doha na kuyakabidhi upya, na ndege ya pili ikikuacha tiketi ingekuwa imepotea.

Pale kaunta Dar usiondoke mara tu unaporudishiwa pasipoti. Soma ile tagi ndefu waliyoizungusha kwenye mshikio wa begi. Ina herufi tatu tatu za viwanja: DOH, ORD, MSP. MSP ndiyo Minneapolis, na ndiyo inayotakiwa kuwa kituo cha mwisho. Ukiona imeishia ORD, yaani Chicago, sema hapohapo kabla mkanda haujalichukua begi. Tagi ina namba ya tarakimu 10. Hakikisha namba hiyohiyo iko kwenye kipande kidogo watakachokupa, kimoja kwa kila begi, na kwamba jina ni lako. Kipige picha, na begi nalo lipige picha likiwa limesimama.

Kabla ya siku hiyo bandua tagi zote za zamani, hata vile vibandiko vidogo vyenye mistari myeusi vinavyogandishwa ubavuni. Mashine za kupanga mizigo husoma mistari hiyo. Zikikuta ya safari iliyopita, begi huwekwa kando lisubiri mtu alisome kwa macho, na huko ndiko ndege inakoliacha. Ndani, juu kabisa ya nguo, weka karatasi yenye jina lako, barua pepe, simu na anwani ya chuo. Tagi ya nje ikichanika, watafungua waitafute hiyo.

Doha huna kazi na mabegi; yanahamishwa yenyewe. Wewe utapita tu ukaguzi, kwa hiyo chupa ya maji iwe tupu.

Chicago ndiko wengi wanakoharibikiwa, na nisikilize vizuri hapa, mama. Tagi itasema MSP, na mhudumu wa Dar anaweza kukuambia utayakuta Minneapolis. Hata hivyo, kwa safari yako hii, Marekani inataka uchukue mizigo yako kwenye uwanja wa kwanza unaoingilia nchini, uipitishe forodha mwenyewe. Ukimaliza uhamiaji, nenda kwenye mkanda, toa mabegi yote mawili, pita forodha. Ukishavuka tu, kuna sehemu ya kukabidhi mizigo ya wanaounganisha ndege. Yaache hapo, tagi ni ileile, hulipi kitu. Ukiyaacha yakizunguka kwenye mkanda, hayatakufuata. Ukiyavuta hadi nje, utarudi kupanga foleni kwenye kaunta ya shirika, na yale masaa matatu uliyonayo yataliwa na uhamiaji na treni ya kuhamia jengo lingine.

Kabla hujayakabidhi pale, fungua begi moja utie ndani manukato au asali yoyote iliyozidi mililita 100, hata kama umeinunua dukani uwanjani Doha. Mbele kuna ukaguzi mwingine. Ndiyo maana begi hilo lisijazwe hadi zipu ilie.

Uzito: tiketi yako inakupa mabegi mawili, kila moja kilo 23. Hesabu haichanganywi. Moja likiwa 27 na jingine 19, utalipia lile la 27. Pima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, uishie 22, kwa sababu mizani hutofautiana. Kufuli liwe lenye alama ya TSA, idara ya Marekani ya usalama wa safari; la kawaida wakaguzi wa Marekani wanaweza kulikata.

Nyama usibebe, hata iliyokaushwa. Maembe na mbegu pia ziache. Viungo vya pilau na dagaa vitaje kwa afisa akikuuliza kama una chakula. Asipokubali atavichukua na yataishia hapo, lakini ukificha faini inaweza kufika dola 1,000. Unga na viungo vya kusaga vikae kwenye begi kubwa, maana poda inayozidi mililita 350 mkononi huleta ukaguzi wa ziada kwa ndege za kwenda Marekani.

Pawabanki haiingii begi kubwa kamwe. Betri ikishika moto kule chini, hakuna wa kuuzima kwa mkono. Yako ya miliampia 20,000 ni kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), iko chini ya kikomo cha Wh 100. Na kama ndege ya Minneapolis ni ndogo, wanaweza kukuchukulia begi la mkononi mlangoni. Pawabanki, dawa, pasipoti na I-20, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, viwe kwenye mkoba mdogo unaochomoka mara moja.

Begi lisipotokea Minneapolis, usitoke uwanjani. Nenda ofisi ya mizigo ya shirika lililokuleta mwisho, hata kama tiketi ni ya jingine, uwaoneshe vile vipande na picha. Watakupa namba ya faili yenye herufi na tarakimu. Bila hiyo madai yako yatakuwa magumu. Tunza risiti za mswaki na nguo utakazonunua. Likija limevunjika, andika malalamiko ndani ya siku 7. Likichelewa, una siku 21 tangu ulipolipokea. Zikipita siku 21 bila kufika, linahesabiwa limepotea.

Koti zito livae au libebe mkononi. Januari kule baridi hushuka hata nyuzi 15 chini ya sifuri, na begi linaweza kuchelewa siku mbili.

Picha za tagi nitumie ungali ukumbini Dar.

Baba yako