Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Visa vya Kampeni za Pamoja Viwe Wazi kwa Kila Anayetaka Kuviendesha

Wanachama wenzangu, salamu nyingi. Mambo ya hesabu mhazini keshawatumia na mmeyaona, hatudaiwi na mtu, kwa hiyo hapo sikai. Nafasi yangu mwaka huu nataka niitumie kwa jambo moja ambalo kamati imelizungumza karibu kila kikao, nani anaruhusiwa kupata visa vya kampeni za pamoja, yaani zile gemu za kuigiza za mezani ambazo karakta wako anahama meza hii kwenda meza ile na rekodi zake, na kila meza popote ilipo inacheza kisa kile kile, yaani hadithi iliyoandikwa tayari ambayo mwendeshaji wa meza anaifuata.

Swali lililetwa na wanachama wapya. Mtu ana marafiki zake wanne watano, hawana wa kuwaendeshea, anauliza je kile kisa tulichocheza juzi naweza kukipata nikawachezeshe wenzangu? Swali zuri kabisa, huyo ndo gemu masta, yaani mwendeshaji wa meza, wa kesho. Lakini jibu linategemea ni kampeni gani, na hapo ndo watu wanakata tamaa.

Tuangalie ilivyokuwa zamani. Mwanzoni visa vya mashindano vilifichwa kwa sababu inayoeleweka, timu zilikuwa zinashindana kwa pointi, ukikisoma mapema umewaibia wenzako. Tomb of Horrors, kisa cha Gary Gygax, mmoja wa waliobuni gemu ya Dungeons & Dragons (D&D), ilichezwa kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975 na ilipofika 1978 ikawa inauzwa kwa mtu yeyote. Kumbe hata wakati ule kisa kilifichwa mpaka shindano liishe, alafu kikaachiwa. Sasa RPGA, ile jumuiya ya wachezaji iliyoanzishwa mwaka 1980 na TSR, kampuni iliyokuwa inachapisha D&D, ikaja na kampeni za pamoja ambazo hazina mshindi, watu wanacheza tu karakta wao kwa miaka, ila tabia ya kufungia ikabaki pale pale.

Living Greyhawk, moja ya kampeni hizo za RPGA, ndo mfano unaoniuma zaidi. Ilianza 2000 ikafungwa 2008, dunia halisi iligawanywa mikoa na kila mkoa ukapewa nchi yake kwenye ile ramani ya kubuni, na watu wa kujitolea waliandika visa kwa mamia, tena kwa kazi ya usiku baada ya ajira zao. Kisa cha mkoa ulikuwa unakicheza ukiwa ndani ya mkoa huo, na wa kuagiza alikuwa mwendeshaji aliyesajiliwa tu, hakikuwa kitu cha kununua dukani. Kampeni ilipofungwa njia ya kuagiza nayo ikaondoka. Fikirieni hilo jamani, mtu kaandika kisa kizuri, kimechezwa na watu wengi wakakipenda, leo kijana anayetaka kukisoma hana mlango halali wa kupitia, anabaki kuomba nakala kwa mtu aliyehifadhi kwenye kompyuta yake. Mimi naona huu ni upotevu mkubwa na hakuna aliyefaidika nao, si mwandishi, si kampuni, si mchezaji.

Upande wa pili kuna Pathfinder Society, kampeni ya pamoja ya gemu ya Pathfinder ya kampuni ya Paizo, iliyoanza 2008, hao tangu mwanzo waliuza visa vyao kwa PDF kwa kila mtu, uwe kwenye klabu au uko peke yako. Na sheria zake za gemu ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, mtu anaingia anasoma anaanza. Adventurers League, kampeni ya pamoja ya D&D, ilianza 2014 na vile visa vyake vya mwanzo vilivyoitwa Expeditions vilikuwa vya waandaaji wa maduka na makongamano, lakini duka la mtandaoni la DMs Guild lilipofunguliwa mwaka 2016 vikaanza kuuzwa kule kwa umma. Kwa hiyo wakubwa wote wawili wamefika sehemu moja, kila mmoja kwa njia yake, na michezo haijafa.

Najua kuna wanachama hawakubaliani, na hoja yao wameitoa kwa heshima kwenye kikao, kwamba kisa kikiwa wazi mtu atakisoma kabla na kuua uhondo wa meza nzima. Ni kweli inatokea. Ila angalieni Pathfinder Society walivyofanya, kwenye toleo la kwanza walimruhusu mtu kupata kredi, yaani kuhesabiwa kwenye rekodi za karakta wake, ya kisa kile kile mara moja kama mchezaji na mara moja kama gemu masta, yaani walikubali mapema kwamba aliyekisoma anaweza kukaa mezani, cha msingi amwambie anayeendesha na asiwatangulie wenzake. Anayetaka kudanganya atadanganya tu, tukifunga kabati tunamuumiza yule mwaminifu anayetaka kujiandaa. Na kuna watu wana sababu zao za kusoma kabla, mwenye jambo linalomtisha anataka kujua kama limo, mwingine anasoma polepole anahitaji siku kadhaa, hawa nao ni wachezaji wetu.

Sasa kamati imeamua hivi. Kwanza, wazi sio sawa na bure. PDF nyingi hizi zinatoka na jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa na ruhusa ni yake yeye, kwa hiyo kile kifolda cha pamoja ambacho baadhi walipendekeza hakitakuwepo, kila anayeendesha atakuwa na nakala yake mwenyewe, na ambaye hawezi kununua chama kitamnunulia kwa jina lake kutoka mfuko wa mafunzo. Nawaomba sana msitumiane mafaili, kuna waandishi wa hivi visa wanaolipwa kwa kile kinachouzwa. Pili, katibu ameandaa orodha ya visa vyote tulivyochezesha, levo zake, muda wake, na kinapatikana wapi kihalali, na mtu yeyote hata asiye mwanachama akiiomba apewe.

Tatu ndo ninayoifurahia zaidi, tunaanza kuandika vya kwetu. Januari 2023, baada ya ule mtafaruku mkubwa wa leseni, pale Wizards of the Coast, wamiliki wa D&D, walipotaka kubadili leseni ya wazi ya gemu yao, waliiweka SRD 5.1, yaani hati ya sheria za msingi, chini ya leseni huria ya Creative Commons, CC BY 4.0, maana yake sheria za msingi za D&D ya toleo la tano unaweza kuzitumia, ukauza au ukagawa bure, mradi utaje chanzo, na ruhusa hiyo hairudishwi nyuma. Mwaka huo huo Paizo na wenzao wakatoa leseni ya ORC, leseni nyingine ya wazi ya gemu za namna hii. Lakini mjue mipaka, humo ndani mna sheria, majini na uchawi, hamna dunia zao wala visa vyao, ukimweka mhusika wao maarufu au mji wao umeshatoka nje ya ruhusa. Kampeni yetu itakuwa na dunia yake, na kila kisa kitatoka kwa CC BY siku ile ile kinapochezwa mara ya kwanza, na nakala zitawekwa sehemu zaidi ya moja ili hata chama kikivunjika visa vibaki.

Wenye wazo la kisa watume ukurasa mmoja kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, kiwe cha masaa manne hivi mezani, karakta wa levo ya kwanza mpaka ya nne. Ambao hamjawahi kuandika mtapewa mtu wa kuwasaidia, na mimi nimeshajiandikisha kuwa mmoja wa wasaidizi hao.