Mwanangu, lete kwanza vipimo vya sikio

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na picha pia. Mama yako aliikuza kwenye simu mpaka tukaona vinyweleo. Tundu limekauka vizuri: halina wekundu, halitoi maji, halina gamba. Sasa unaniuliza mimi, baba yako, yule yule aliyekununia wiki mbili mwaka jana kwa sababu ulikwenda kutoga sikio huko juu kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio, ni pete gani inafaa kuvaliwa badala ya kile kipini ulichotogwa nacho. Nimecheka peke yangu hapa mezani kwangu pa usonara, Jinja, mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Nina deni la kukwambia jambo. Bibi yako, mama yangu mzazi, alizaliwa Lamu. Wewe hukumkuta. Ukingo wa kila sikio lake ulikuwa na matundu matano. Alipomfuata babu yako aliyeajiriwa reli, vipuli vyake vilikuwa vimeshauzwa, kwa hiyo mimi niliyajua matundu tu. Nilipokuwa mdogo nikilala mapajani pake, niliyapitishia kidole moja moja kama mtu anayehesabu tasbihi. Nilikugombeza wewe nikamsahau yeye. Basi tuyaache hayo, turudi kwenye kazi.

Ile pete uliyoinunua kwa elfu tano karibu na stendi ya teksi, ikakuwasha siku tatu, itupe. Usimpe mwenzako. Nimeitazama kwenye picha: ina makosa mawili, na rangi ni la pili. La kwanza ni waya wake. Ile ni hereni ya ndewe, ya chini ya sikio, na waya wake ni kama milimita 0.8, yaani geji 20. Wewe ulitogwa kwa geji 16, ambayo ni milimita 1.2. Geji huenda kinyume: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Sisi masonara haitutatizi, kwa sababu waya tunauvuta kwenye bamba lenye matundu, tundu baada ya tundu, na kila ukiuvuta unazidi kukonda. Lakini wauzaji wengi wanaona pete ni pete.

Unakumbuka mtaani kwetu Walukuba, mama yako alivyokuwa akikata mche wa sabuni kwa uzi? Waya mwembamba kwenye gegedu ni uzi ule ule. Kila ukigeuka kitandani unavuta kidogo, na tundu linarefuka kuelekea ukingoni. Tena nyama itajibana kuufuata waya, na siku ukitaka kurudi kwenye 1.2 utakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo waya ubaki ule ule uliotogwa nao.

Baada ya waya, kipenyo. Hiki hupimwa kwa ndani ya pete, si nje. Chukua rula ya milimita, mwambie mwenzako asimame pembeni yako kwenye mwanga wa dirisha, apime kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa sikio. Ikiwa ni 5 au 6, pete ya milimita 8 itakaa karibu na sikio bila kulibana. Ikizidi hapo, vaa 10. Najua wasichana mnapenda ikumbatie sikio kabisa, lakini pete inayobana hufanya uvimbe, na sisi katika ukoo huu tuna makovu yanayokua. Shangazi yako ana keloidi begani kutokana na kipele tu. Ukiona kinundu kigumu kinaanza kando ya tundu, usikitumbue wala usikipake dawa ya meno. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema.

Kuhusu madini nitasema zaidi, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo. Muwasho ule nina hakika ulikuwa wa nikeli, madini yanayowasha ngozi za watu wengi. Pete za bei ile ni shaba nyeupe au mchanganyiko usiojulikana, juu zimepakwa rangi ya dhahabu iliyo nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Jasho likiila, ngozi inakutana na kilichofichwa. Stenlesi ya 316L, chuma kisichoshika kutu, pia ina nikeli ndani yake, ingawa huibana isitoke; wengi huivaa salama, lakini wewe umeshaonyesha huipendi, usijaribu bahati. Fedha huingia weusi. Dhahabu nyeupe uliza kwanza, kwa sababu nyingine huchanganywa na nikeli ili ipate weupe huo.

Kwako yamebaki mawili. Moja ni titaniamu ya vipandikizi, yaani ya vifaa vinavyowekwa mwilini, ile ambayo muuzaji wa kweli atakuonyesha imeandikwa kiwango chake, ASTM F136. Ni nyepesi mno: pete ya vipimo vyako haitafika hata gramu 0.2. La pili ni dhahabu ya karati 18, ya njano, iliyochanganywa na fedha na shaba tu. Karati 22 tunayoipenda kwenye harusi ni laini kwa pete nyembamba ya kila siku. Itapinda, itachubuka, na mchubuko ndani ya tundu ni kama mchanga kwenye jicho.

Ukitaka ya bawaba, ile inayofunga kwa mlio, nunua ya titaniamu, maana bawaba ndogo namna ile mikono yangu ya siku hizi haiiwezi. Kabla hujalipa, ipitishie uzi wa pamba pale kwenye maungio. Uzi ukikwama, nyama itakwama. Ukitaka ya kuunganika ncha kwa ncha, hiyo naiweza, ila ujifunze kuifungua: usiitanue kwa nje. Ncha moja isukume kuja kwako, nyingine kwenda mbele, kama mtu anayefungua mlango, kisha irudishe ilivyokuwa. Tena usiifungue fungue. Madini yakipindwa mara nyingi hukakamaa, na siku moja yatakatika mkononi mwako.

Siku ya kubadilisha, nawa mikono, oga kwanza maji ya uvuguvugu, na uwe na pete tayari kabla hujatoa kipini. Tundu la gegedu hata likipona hujibana haraka; usilale bila kitu ndani ukisema utavaa asubuhi. Pete ikigoma, usilazimishe. Gegedu halina mishipa ya damu yake lenyewe, linalishwa na ngozi iliyolifunika, ndiyo maana lilichukua mwaka mzima kupona na ndiyo maana likiingia usaha ni balaa. Sikio likiwa jekundu, la moto, likavimba sehemu ya juu, ni hospitali siku hiyo hiyo, kabla halijaharibika umbo.

Na helmeti yako ya boda! Hili ndilo linalomnyima mama yako usingizi. Ivae kwa kuitanua kwa mikono miwili, na uivue vivyo hivyo, usiikwangue juu ya sikio. Saluni mwambie msusi kabla hajaanza, kwa sababu uzi wa rasta ukizunguka pete, akivuta, utamjua babu yako.

Mimi nimefungua kile kisanduku cha bati. Kuna kipini cha puani cha bibi yako, kilichovunjika. Nimekipima kwenye jiwe la kupimia dhahabu: ni karati 22. Nitakiyeyusha, niongeze fedha na shaba kishuke hadi 18. Pete yako itakula nusu gramu hivi, kwa hiyo kitatosha na kitabaki. Unene ninao, 1.2; nipe tu namba ya kipenyo, na kwa Mungu usikisie.

Mama yako anauliza nitatengeneza mbili au moja. Miaka yote tangu nifundishwe na yule mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin 1972 akarudi miaka ya tisini, hereni moja sijapata kuitengeneza isipokuwa kwa mtu aliyepoteza ile ya pili. Nimemwambia moja. Akanyamaza, kisha akashika sikio lake la juu, akaniuliza inauma kiasi gani.

Baba yako,
Jinja